Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu Fujifilm X100VI

Wadau, tangu nianze kutembea na hii kamera begani meseji haziishi, na maswali ni yaleyale, mwingine kanikuta Kariakoo kanisimamisha katikati ya njia kuniuliza bei. Nimeona niyajibu yote hapa kwa pamoja kadri ninavyoyajua. Niseme mapema kwamba hii kamera naipenda kwa dhati, lakini sitaki mtu auze lenzi zake zote kesho afu aje kujuta, kwa hiyo nitasema na pale isipofaa.

Kwanza ni kamera gani hiyo, mbona inaonekana ya kizamani?

Ni Fujifilm X100VI, hiyo VI ni sita ya Kirumi, yaani toleo la sita. Ya kwanza iliitwa FinePix X100, ilioneshwa Ujerumani kwenye maonesho ya Photokina mwezi wa 9 mwaka 2010 ikaingia sokoni 2011 ikiwa na megapikseli 12 tu, baada yake zikaja S, T, F na V, na hii ya sita ikatangazwa Tokyo tarehe 20 Februari 2024. Umbo ni la zamani kwa makusudi. Juu ina vitu vya kuzungusha kwa mkono, spidi ya shata (muda ambao mwanga unaachiwa uingie) iko pale, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) unainyanyua unazungusha palepale, mwanga unaongeza au kupunguza kwa kidole gumba, na tundu la lenzi liko kwenye lenzi yenyewe. Yaani kamera ikiwa imezimwa mezani unaiangalia tu unajua imewekwaje. Mi nilijifunzia kamera ambazo kila kitu kiko ndani ya menyu na sikujua kama hiki kitu nilikuwa nakikosa.

Haina zumu kabisa?

Haina. Na lenzi haitoki. Ni lenzi moja ya 23mm f/2 (f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) ambayo kwa hesabu ya fremu kubwa, yaani kamera zenye sensa ya ukubwa wa mkanda wa zamani, ni sawa na 35mm, ndo hiyohiyo mpaka mwisho. Namba ya mm ikiwa kubwa lenzi inavuta zaidi. Hili ndo swali linalowakatisha watu tamaa, na kwangu mimi ndo sababu ya kuinunua, nitaeleza kwenye swali la watu kukubali kupigwa picha maana majibu yameshikana.

Ukitaka kuvuta kidogo kuna njia mbili. Ya kwanza, ndani ya kamera unaweza kukata picha iwe kama 50mm au 70mm, na kwa kuwa sensa, kile kinachonasa picha ndani, ina megapikseli 40, ukikata kwa 50mm unabaki na kama 20, ukikata kwa 70mm unabaki na kama 10, ambazo kwa picha ya simu au ya ukurasa wa gazeti bado zinatosha vizuri. Ya pili ni vioo vya kufunga mbele ya lenzi, kimoja kinaipanua mpaka 28mm na kingine kinavuta mpaka 50mm, lakini vinaongeza uzito na kamera inaacha kuwa ya mfukoni mwa koti, mi sijaona haja.

Inaingia mfukoni kweli?

Mfuko wa suruali, hapana. Mfuko wa koti au kipochi kidogo cha begani, ndiyo. Uzito wake na betri na kadi ni gramu 521. Ile ya V ilikuwa gramu 478, na hapo hii ya sasa wameongeza kituliza mtikisiko ndani ya sensa, kitu ambacho toleo zote tano za nyuma hazikuwa nacho. Gramu 43 kwa kazi ile ni bei ndogo sana.

Hicho kituliza mtikisiko kinasaidia nini hasa, si watu wanapigia mchana tu?

Nani kasema mchana tu ndugu yangu, nenda Forodhani baada ya magharibi. Taa ziko chache, moshi wa mishikaki unapanda, watu wanapita, mpishi wa Zanzibar pizza anakanda unga. Kamera isiyo na kituliza ukishika mkononi kwa 1/8 ya sekunde kila kitu kinacheza, hapa meza, taa na ukuta vinatulia vimechongeka afu watu wanaopita ndo wanakuwa kama kivuli, na ile picha inakupa Forodhani yenyewe ilivyo. Wenyewe Fuji wanasema inafika stopu 6, yaani hatua 6, na kila hatua ni mara mbili. Mi sikupima kwa mashine, nimepima kwa mikono yangu baada ya kupanda ngazi za boti na begi, na 1/8 napata nyingi nzuri kuliko mbaya. Ila kumbuka kituliza kinatuliza mkono wako, mtoto anayekimbia hakimtulizi, kwake bado unahitaji spidi.

Na jua letu la saa sita je?

Hapa ndo pana raha. Fanya hesabu na mimi. Jua kali, ISO 125 ambayo ndo ya chini kabisa ya kawaida kwenye hii kamera, ukiweka f/16 spidi inakuja kama 1/125. Sasa wewe unataka f/2 ili nyuma pawe laini, kutoka f/16 mpaka f/2 ni hatua 6, kwa hiyo unahitaji 1/8000. Shata ya kawaida ya hii kamera inaishia 1/4000, picha itaungua. Lakini ndani ya lenzi kuna filta ya kupunguza mwanga hatua 4, ni kama kamera inavaa miwani ya jua, unabonyeza tu, na ile 1/8000 inageuka 1/500. Umemaliza.

Afu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Shata iko ndani ya lenzi, haiko mbele ya sensa kama kamera nyingi za kubadilisha lenzi, ambazo flashi zao zinagoma kupita kama 1/200 au 1/250 bila ujanja wa ziada. Kwa hii kamera flashi inawaka vizuri hata kwenye hiyo 1/500. Maana yake saa sita mchana, mtu kavaa kofia na uso uko gizani, unawasha kile kiflashi kidogo cha kwenye kamera, unawasha filta, unapiga f/2, uso unang'aa na bahari nyuma inabaki na rangi yake ya buluu. Kiflashi chenyewe ni kidogo lakini kwa mtu aliye karibu na wewe kinatosha, na kwa hii lenzi mtu lazima awe karibu.

Watu wanakubali kupigwa picha? Mi nikitoa kamera kubwa wanageuza uso

Hili nalijibu kwa urefu.

Ukiwa na 35mm, kwa picha ya mtu kuanzia kiunoni kwenda juu unasimama kama mita moja na nusu kutoka kwake. Mita moja na nusu ni umbali wa maongezi. Huwezi kusimama hapo ukajifanya hujamuona mtu, lazima umsalimie, na ukimsalimia kwetu huku salamu haiishi kwa neno moja, utaulizwa umetoka wapi na wa nani, na kufikia hapo kamera imeshazoeleka. Mwenye lenzi ya 200mm anaweza kumpiga mama wa watu kutoka ng'ambo ya barabara bila hata kumjua, na mama akigundua anakasirika, na ana haki yake. Mi nilipiga hivyo miaka kadhaa. Nikiziangalia zile picha saivi naona watu wote wanaangalia pembeni.

Nilienda Nungwi kwa mafundi majahazi, wale wanaounda vyombo ufukweni. Nikamkuta mzee anapigilia kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao. Nikamwambia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akaendelea na kazi, mi nikakaa kwenye gogo. Baada ya muda akanyanyua macho akaiangalia kamera, akauliza, "Hiyo bado yala mkanda?" Nikamwambia hapana mzee, haili mkanda, ni ya kisasa ila imefanywa ifanane. Akataka kuishika. Nikampa. Akachungulia dirishani, akazungusha zungusha, akasema yeye ujanani alikuwa na rafiki mwenye kamera hivyo, wakipiga mkanda mzima wa sikukuu ndo unapelekwa mjini kusafishwa, mnasubiri wiki. Tukaongea hapo saa nzima karibu. Nilipopiga picha hakuacha kazi wala hakujiweka sawa, akaendelea kupigilia kama vile mimi ni mjukuu wake nimekuja kumletea chakula.

Sisemi kamera ndo iliyofanya hivyo, salamu ndo imefanya. Ila kamera kubwa nyeusi yenye lenzi kama mkono wa mtu inafanana na gazeti, na polisi, na utalii, na mtu anajihami kabla hujafungua mdomo. Hii inafanana na kitu cha nyumbani. Na ukizima zile sauti za menyu, mlio wake ni mdogo sana, kwenye maulidi au ibada ya kanisani aliyekaa pembeni yako hasikii.

Ila kuomba ruhusa kuko palepale. Udogo wa kamera usiwe njia ya kuiba picha za watu.

Nasikia ina madirisha mawili ya kuchungulia?

Dirisha ni moja lenye njia mbili. Mbele kuna kiswichi, ukikivuta unaona kwa kioo kitupu kama unachungulia dirisha la nyumba na fremu imechorwa ndani yake, ukikivuta tena inakuwa skrini ndogo ya umeme inayokuonesha picha itakavyotoka. Mi natumia kioo mtaani maana naona mpaka nje ya fremu, mtu wa baiskeli namuona kabla hajaingia kwenye picha, vichochoro vya Mji Mkongwe vile vyembamba hiki kitu ni muhimu mno. Kitu kikiwa karibu sana nahamia kwenye umeme, kwa sababu kioo hakiko sawa na lenzi, kwa karibu kinakudanganya kidogo pembeni.

Rangi za ngozi yetu inazitoa vipi?

Swali zuri na ningependa liulizwe kwa kila kamera. Tatizo kubwa si rangi, ni mwanga. Kamera yoyote inapima fremu na kutafuta wastani. Mtu kavaa kanzu nyeupe, kamera inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, uso unazama. Mama kavaa buibui jeusi, inaona weusi inaongeza, na uso unapoteza umbo lake. Kwa kanzu zungusha kile cha kidole gumba mpaka +0.7 au +1, kwa buibui teremsha kidogo, na hapa ndo uzuri wa kuwa na hicho kitu juu ya kamera, unafanya bila kuondoa jicho.

Baada ya hapo ndo rangi. Ziko 20, nyingi zimetengenezwa zifanane na mikanda ya zamani. Wale wa rika langu mnakumbuka vile viboksi vya kijani vya Fuji na vya njano vya Kodak kwenye kabati la kioo la studio, basi hao wa kijani ndo haohao. Reala Ace, ambayo kwenye kamera za X imeanzia kwa hii, ngozi nyeusi inaitendea haki, haiifanyi ya majivu wala ya chungwa. Classic Chrome mnaipenda mitandaoni lakini inafifisha rangi, kwenye kanga na vitenge mi naona ni hasara, mtu kachagua nguo yake nyekundu kwa makusudi afu wewe unaipausha. Nyeusi na nyeupe tumieni Acros, nayo imo kwenye hizo 20.

Megapikseli 40 za nini zote hizo?

Kukata picha, kama nilivyosema, na kuchapisha. Picha nzima ni pikseli 7728 kwa 5152, ukichapisha kwa 300 kwa inchi unapata kama sentimita 65 kwa 43. Gharama yake ni nafasi, RAW, yaani faili ghafi za picha, zinajaza kadi na kompyuta haraka, nunua kadi kubwa na diski ya nje mapema. Na kama unaweka Instagram tu, megapikseli 26 za V zinakutosha kabisa.

Naweza kupigia harusi?

Kama kamera ya pili, nakupa ndiyo ya moyo wote. Kule chumbani bi harusi anapakwa hina na mashangazi wanacheka, hii ndo kamera. Kama kamera ya pekee ya kazi uliyolipwa, nakuomba usifanye hivyo. Ina nafasi moja tu ya kadi. Kadi ikifa, harusi ya watu imekufa, na harusi hairudiwi. Pia kwa mpira wa miguu na ndege wanaoruka siyo yake, ingawa ina akili ya kutambua macho, wanyama, ndege, magari mpaka treni. Lenzi yake ni 35mm, mchezaji yuko kule golini utamfanyaje.

Betri inakaa?

Betri ni NP-W126S, ileile ya V na kamera nyingine nyingi za Fuji, kwa hiyo mwenye kamera ya Fuji huenda tayari anayo. Kiwandani wanataja kama picha 450 ukitumia kioo, ukitumia dirisha la umeme zinapungua. Nunua ya pili, ukisafiri ya tatu. Uzuri inachajiwa kwa Type-C ya kawaida, hata kwa pawabenki, umeme ukikatika hukwami. Ila kwenye boksi hamna chaja ya ukutani, kuna waya tu.

Mvua, vumbi na chumvi ya bahari?

Ilivyo dukani haijazibwa kikamilifu. Sehemu iliyo wazi ni mbele kwenye lenzi, unanunua ringi ya AR-X100 na filta ya 49mm, ukifunga hivyo viwili ndo inahesabika inavumilia manyunyu na vumbi. Mi nilifunga siku ya kwanza na sijawahi kuvitoa. Kuvumilia manyunyu siyo kuogelea, usiingie nayo kwenye ngalawa bila mfuko wa plastiki. Ukirudi kutoka baharini futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo halafu kikavu, chumvi ikibaki inakula taratibu.

Kingine cha huku kwetu, ukitoka chumba chenye AC ukaingia jotoni lenzi inafanya ukungu papo hapo. Usifute futa. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 15 au 20 ipate joto taratibu.

Video?

Inafika 6.2K kwa fremu 30, na 4K kwa fremu 60, na ina F-Log2, video yenye rangi iliyofifishwa kwa wanaopaka rangi wenyewe baadaye. Lakini skrini inainama juu na chini tu, haikugeukii, kwa hiyo wa vlogi hamjioni, na tundu la maiki ni lile dogo la 2.5mm utahitaji adapta. Video siyo kazi yake, tuiache hapo.

Kuliko Ricoh GR III? Kuliko Leica Q3?

Ricoh GR III ni gramu 257 tu, hiyo kweli inaingia mfukoni, ina 28mm na megapikseli 24. Haina dirisha la kuchungulia. Kwenye jua letu skrini inageuka kioo cha kujitazamia, kwangu hapo ndo tuliachana. Lakini anayetaka kamera ya kwenda nayo kila mahali bila mtu kuiona, achukue hiyo. Leica Q3 ni fremu kubwa, megapikseli 60, 28mm f/1.7, nzuri mno, na ilipotoka 2023 ilikuwa dola 5,995. X100VI ilitoka kwa dola 1,599. Mwenye V hana haraka ya kubadilisha, lenzi ni ileile, kama hupigi sana usiku kaa nayo.

Kwa nini haipatikani, na ninunue wapi?

Kuanzia V watu wa TikTok waliipenda ghafla, ikaisha madukani dunia nzima, na zilizotumika zikawa zinauzwa juu ya bei ya mpya, hii ya sita nayo ikapata foleni hata kabla haijafika madukani. Ndo maana matapeli wamejaa. Rafiki yangu mmoja alituma pesa kwa ukurasa uliokuwa unauza kwa nusu bei, ukurasa ukafutwa usiku huohuo. Usitume pesa kwa mtu usiyemuona. Kutana naye, linganisha namba ya kwenye boksi na ya chini ya kamera, weka kadi yako, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uangalie madoa, maana lenzi haitoki na vumbi likishaingia kwenye sensa huwezi kulisafisha mwenyewe, ni la fundi. Kama ndugu anakuletea kutoka Dubai au Uingereza, muulize kabisa garantii inafanya kazi wapi.

Mipangilio yako ni ipi?

Reala Ace, f/4 mtaani mchana, ISO ijipange yenyewe mpaka 6400, spidi isishuke chini ya 1/250 kwa watu wanaotembea. Kwenye vichochoro ambapo nusu ya ukuta ina jua na nusu ina giza, naweka DR400, mpangilio wa kupunguza tofauti ya mwanga na giza, inahitaji ISO ianzie 500 usishangae, inaokoa ule weupe wa juu. RAW na JPEG pamoja. Usiku natoa ile ya 1/250, naachia kituliza kifanye kazi.

Picha ya yule mzee wa Nungwi ipo? Tuoneshe

Ipo, nimeichapisha kubwa, ile sentimita 65, mpaka michirizi ya mbao na kucha zake unaihesabu. Siiweki mtandaoni kabla yeye hajaiona. Nina boti Jumamosi, nimeifunga kwenye bomba la plastiki isikunjike, nitapanda daladala ya Nungwi nimpelekee. Akisema sawa nitaiweka hapahapa.